Udongo Ungali Maji

Wahenga wamesema, udongo uwahi ungali maji. Methali hii tumezoea kuitumia tunapozungumzia malezi, nasi huitamka upesi kama itamkwavyo salamu, bila ya kuutazama udongo wenyewe. Mimi niliutazama kwa mara ya kwanza nikiwa nimekwisha kupita miaka hamsini, katika ua wa nyumba moja kwenye njia itokayo Korogwe kwenda Handeni, mikononi mwa bibi mmoja ambaye zamani alikuwa kungwi. Tangu siku hiyo swali moja limekataa kuniacha. Je, mtu anayekihifadhi kitu kilichokusudiwa kuvunjwa, huwa amekiokoa au amekidhulumu?

Msomaji ambaye hajafika bara ya Tanga apate kwanza sura ya mambo. Korogwe ni mji wa mkonge na reli, kando ya Mto Pangani. Upande wake wa kaskazini imeinuka milima ya Usambara, nchi ya Wasambaa. Ukishika njia ya kusini unaingia Handeni, nchi ya Wazigua. Kwa watu wa huko, kama kwa jirani zao, mwali hakufundwa kwa maneno matupu. Walimu wa jando na unyago walifinyanga visanamu vya udongo: watu, wanyama, vyombo vya nyumbani. Wakavipamba kwa rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi, wengine wakavitia madoa kama ya kanga. Kila kisanamu kilikuwa na wimbo wake, na wimbo ulikuwa fumbo. Mwali alikitazama kisanamu, akausikia wimbo, kisha akafumbuliwa maana, ambayo ilihusu heshima, ndoa, uvivu, usafi, au namna ya kuishi na wakwe. Pasipo wimbo, kisanamu hakikusema lolote. Aghalabu udongo wenyewe haukuchomwa, kwa kuwa haukutarajiwa kudumu. Hata lugha yetu inashuhudia ujamaa wa mambo haya, kwani kinyago na unyago ni maneno ya tumbo moja.

Aliyevikusanya visanamu hivi kwa wingi na kuvitangaza duniani ni Hans Cory, mzaliwa wa Vienna ambaye jina lake la kwanza lilikuwa Koritschoner, na ambaye alikuja kuwa mtaalamu wa mila na desturi katika serikali ya Tanganyika chini ya Waingereza. Mwaka 1956 kampuni ya Faber ya London ilichapisha kitabu chake juu ya visanamu hivyo, pamoja na picha, nyimbo na maelezo. Vingi alivyovikusanya viliingia katika jumba la makumbusho la Dar es Salaam, lile lililofunguliwa mwaka 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano na ambalo leo ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa. Mwaka uo huo wa 1956, kampuni iyo hiyo ilichapisha kitabu cha Bibi Audrey Richards juu ya unyago wa Wabemba, ambao aliushuhudia mwaka 1931 katika nchi iitwayo sasa Zambia. Huko aliwaona wanawake wakihangaika saa nyingi kufinyanga na kupaka rangi vielelezo ambavyo baadhi yake vilivunjwa siku ile ile. Mgeni hustaajabu: kwa nini kujitaabisha hivyo kwa ajili ya kitu kisichofika kesho? Swali hilo ni la mtu aliyezoea kuamini kuwa thamani ya kazi imo katika kitu kinachobaki.

Sina nia ya kumfanya Cory mwizi. Mimi ni mtu wa mashairi, na ninajua kuwa mtu huyu huyu alikusanya tungo za Waswahili na kuzitoa Mwanza mwaka 1958 katika kitabu alichokiita Sikilizeni Mashairi. Mtu aliyejisomea kwa vitabu vya kuazima, kama mimi, hawezi kuwatukana wakusanyaji. Lau wasingeandika, ningalisoma nini? Tena tuseme kweli: makungwi wengi wa zamani wamekwisha kwenda mbele ya haki bila ya kuacha mwanafunzi, na leo kijana wa Handeni anayetaka kujua nyanya zake walifundishwa nini hana budi kuanzia Dar es Salaam, mbele ya kabati la kioo. Hilo si jambo dogo. Aliyekufa na elimu yake hatufunzi chochote.

Hata hivyo, tuwatazame wakusanyaji wengine, tupate kuona hoja inavyosimama pasipokuwa na unyago wala ukoloni. Mwandishi H. G. Wells, ambaye mwaka 1898 alichapisha riwaya ya viumbe wa Mirihi wanaoivamia dunia, alitoa mwaka 1913 kitabu cha kanuni za kuchezea askari wa bandia, na mchezo ule aliukusudia hata kwa watu wazima. Waliofuata nyayo hizo waliunganisha mapenzi yake yote mawili. Mchezo wa Warhammer 40,000 ulipotokea Uingereza mwaka 1987, askari wake walikuwa vijisanamu vya madini, wapiganaji wa nyota za mbali katika zama zisizokuja. Hadi leo wapo watu wazima wanaovitafuta vile vya kale, wakavivua rangi ya mwenyewe wa kwanza, wakakata mkono huu na kuunga mwingine, wakapaka upya kwa brashi nyembamba kama unywele. Wapo na wengine ambao huona haya yote ni uharibifu. Kwao kisanamu bora ni kile ambacho hakijatolewa katika pakiti yake. Mabishano yao yanaweza kutuchekesha, lakini ndani yake limo swali letu lile lile: kitu kilichofanywa kwa ajili ya mchezo, huwa ni chenyewe zaidi kinapochezwa na kuchakaa, au kinapolindwa kisiguswe? Mmoja hukibadilisha ili kiendelee kuishi, na mwingine hukizuia kuishi ili kisibadilike.

Nilifika kwa bibi yule kwa sababu ya kazi. Nilikuwa nimeombwa nifasiri nyimbo za kufundia wali kwa ajili ya kitabu, nami nilikubali kwa furaha, kwa kuwa mfasiri hapati kila siku kazi inayolipwa. Aliyenipeleka ni mjukuu wake, binti aliyemaliza chuo cha ualimu. Kwa kuwa mimi ni mwanamume, na mambo yale si ya wanaume, binti yule alikaa kati yetu kama pazia.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Umetoka ng'ambo ya bahari kuja kuuliza mambo ya wanawake?"

Nikaona haya, nikatoa picha. Ilikuwa picha ya kisanamu cha namna ile, nakala iliyochakaa, nami nilidhani atafurahi kuona kuwa kazi ya wenziwe imetunzwa. Aliishika karibu na macho, akanyamaza kitambo.

"Mbona wamemwacha akauke?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Akamwagiza mjukuu wake maji, akachukua udongo uliokuwa umewekwa kwa ajili ya kukandika banda, akaanza kufinyanga huku akiendelea kuzungumza habari za mvua. Kwa dakika chache tu alisimama mwanamke juu ya kiganja chake, mwenye mzigo kichwani. Akampaka unga usoni, akamtia nukta za mkaa mgongoni. Akaimba mstari mmoja wa wimbo wake kwa Kizigua, akakatiza. Akaniambia kuwa mwanamke huyu zamani, alipofundishwa yeye, hakuwa na mzigo. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, na wimbo wake ulimfunza mwali kuwa mke akipigwa anyamaze. "Nilipokuwa kungwi niliutoa ule mkono," akasema. "Nilikwisha kumzika dada yangu kwa kunyamaza. Nikampa mzigo, nikambadilishia wimbo. Sasa anafunza kwamba mzigo ukizidi, utue." Kisha akamtumbukiza mwanamke yule katika bakuli la maji, akamminya kwa vidole mpaka akawa tope.

Simu yangu ilikuwa mfukoni, na ningeweza kumpiga picha kabla ya kuvunjwa. Nakiri kuwa mkono ulikwisha kuanza kwenda.

Nimelifikiri sana tukio lile, na ninaona kuwa sikuelewa methali yetu. Nilidhani udongo mbichi ni mtoto, naye kungwi ni mfinyanzi aliyekamilika. Kumbe mafunzo yenyewe nayo ni udongo. Yakishikwa na mikono iliyoyapokea kwa haki, huweza kutiwa maji na kufinyangwa upya, kosa likaondolewa, mkono ukatolewa mdomoni. Laiti kisanamu cha zamani kingechukuliwa na kuandikiwa maelezo, mwanamke yule angekuwa ameziba mdomo wake hadi leo, nasi tungesoma kibao chake na kusema: hii ndiyo mila ya Wazigua.

Mfano wa hatari hii hauko mbali, na unatokana na mkusanyaji yule yule. Cory alikuwa mtu wa mbele katika kazi ya kukusanya na kuunganisha sheria za mila. Alifariki mwaka 1962, na mwaka 1963 sheria hizo zilitangazwa rasmi na serikali. Mambo yaliyokuwa yakisemwa barazani, yakibishaniwa na kulegezwa na wazee kwa kutazama uso wa mjane aliyesimama mbele yao, yakawa vifungu. Moja katika kanuni hizo ilimnyima mjane urithi wa mumewe. Wajane wawili wa Shinyanga walikwenda Mahakama Kuu, nayo mwaka 2006 ilikiri kuwa kanuni zile zina ubaguzi, lakini haikuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ikaamua kuwa wamedhulumiwa. Sisemi kuwa mila ilikuwa na huruma kabla ya kuandikwa. La hasha, ya bibi yule na dada yake nimeyasikia. Ninasema kuwa ilipokuwa mbichi palikuwa na mkono wa kuiweka sawa.

Hapa msomaji wa visiwani atanikumbusha habari ya Bi Kidude, Mungu amrehemu, aliyefariki mwezi wa Aprili 2013. Yeye alikuwa kungwi, naye aliipeleka ngoma ya unyago jukwaani, hata ikasikika Ulaya. Wapo waliosema kuwa ameanika ya ndani. Mimi naona tofauti kubwa baina ya kuanika na kuanikwa. Bi Kidude aliingia jukwaani na haki yake: alijua lipi la kutoa na lipi la kubakiza, na wimbo ulipohitaji kubadilishwa aliubadilisha papo hapo. Ulikuwa wake. Kisanamu cha kabatini hakina wa kumsemea namna hiyo. Waliomfinyanga hawakuandikiwa majina, na mtazamaji hupewa maana moja tu.

Basi, je, tuyafunge makumbusho? Sidhani. Linalonijia ni jambo zito zaidi kuliko kufunga mlango. Aliyenacho kitu cha mwenziwe, hata akikitunza kwa vitambaa vya hariri, bado ana deni, na deni hilo halilipwi kwa kukifuta vumbi. Hulipwa kwa kukirejesha katika mikono inayoweza kukifanyia kazi. Visanamu vya Handeni na Korogwe havina haja ya kubebwa kurudi vijijini. Vinahitaji wanawake wa Handeni na Korogwe waitwe mbele yake, waviangalie bila ya kuangaliwa, kisha wakafinyange vyao, tofauti na vile kadiri watakavyopenda, na wavivunje wakitaka. Na wakiona kuwa mafunzo fulani hayastahili kurejea, wayaache yakafie palepale kabatini. Wenye haki ya kuhukumu hivyo ni wao, si mkusanyaji wala mfasiri.

Nami ni mfasiri, kwa hiyo hukumu yangu inanirudia mwenyewe. Daftari langu lilikuwa na nyimbo ishirini na moja, baadhi zilizotoka kwa bibi yule, nyingine kwa wenziwe, kila moja na maana yake. Nilimsomea bibi zote kupitia kwa mjukuu wake, nikaomba ruhusa moja moja. Aliniruhusu nne. Juu ya zilizobaki alisema tu, "Hizo zina wenyewe." Nilirejesha sehemu ya malipo niliyokwisha kupokea, na kitabu kile kikaendelea bila yangu. Daftari nilimwachia binti.

Yamkini nimekosea. Bibi yule ni mtu mzima sana, daftari huliwa na mchwa, na binti mwenyewe aliniambia kwa uwazi kwamba yeye ni mwalimu wa hesabu na maisha yake ni mengine. Huenda nyimbo kumi na saba zimezikwa kwa sababu ya adabu yangu, na huenda siku moja mtoto wa Handeni akanilaumu kwa haki kabisa. Nimeupima uzito wa lawama hiyo na wa ile nyingine, ya kuyauza yaliyo ya watu kwa jina la kuyaokoa, nikachagua ya kubeba.

Mwaka wa pili sasa umepita. Binti yule huniletea salamu za bibi kwa simu kila Idi. Hajapata kuniambia kama amelifungua daftari, au kama amekaa uani na udongo na bakuli la maji. Wala mimi simwulizi.