Kujitayarisha kwa Safari: Je, ni Kukosa Imani?



Kuna swali linalosumbua waamini wengi. Mtu akimwomba Mungu amlinde safarini, halafu akapakia motokari yake mablanketi, jembe la kuondolea theluji na chakula cha siku mbili, je, hajaonyesha kwamba haamini maombi yake mwenyewe? Wako wanaojibu kwamba ndivyo ilivyo: aliyeomba kweli apande motokari aende. Tulichunguze neno hili pole pole, kwa sababu watu wanaweza kufa kwa jibu baya.

Tuchukue mfano. Watoto wengi wa Kongo wanaishi leo katika Marekani. Mwisho wa Desemba kazi nyingi zinasimama, nao wanatembeleana. Tuseme jamaa moja inatoka Des Moines kwenda Salt Lake City kwa barabara kubwa nambari 80. Ni zaidi ya kilometa 1.600. Barabara inapita katika tambarare ya Nebraska. Halafu barabara inapanda katika Wyoming, na kati ya Cheyenne na Laramie inafika metre 2.633 juu ya bahari. Huko upepo unasukuma theluji kama moshi, mpaka shofere haoni mbele ya motokari yake. Maji yanaganda juu ya lami, nayo haionekani kama barafu. Inaonekana kama barabara iliyolowa tu. Madaraja yanaganda mbele ya barabara nyingine, kwa sababu baridi inapita juu na chini yake. Saa kumi na moja ya jioni jua limekwisha kuzama.

Sisi wa Kivu tunajua kitu kinachofanana. Nani anashuka Ngomo wakati wa mvua kubwa bila kuuliza kwanza wale waliotoka huko? Hakuna anayemwita mwenye kuuliza kuwa mtu asiye na imani.

Katika kanisa letu tumefundishwa maneno matatu: Upendo, Amri na Kazi. Tupime safari hii kwa maneno hayo.

Kazi. Kujitayarisha ni kazi, na kazi haipigani na maombi. Kuchagua magurudumu ya theluji, kuchukua minyororo ya kuyafunga, kutoacha mafuta kushuka chini ya nusu ya tanki, kugawa safari kwa siku mbili au tatu ili kulala mbele ya giza: yote haya ni mikono inayofanya yale ambayo mdomo umeomba. Hata aliyekwama ana kazi. Asiiache motokari kwenda kutafuta msaada katika dhoruba, maana anaweza kupotea karibu sana nayo. Awashe injini dakika chache tu kila saa, na kwanza aondoe theluji kwenye bomba la moshi, la sivyo hewa ya sumu itaingia ndani na kuua waliolala. Mkulima anaomba mvua, lakini analima.

Amri. Katika Wyoming, dhoruba ikizidi, serikali inashusha vizuizi na kufunga barabara. Anayevizunguka anavunja sheria. Hapo ndipo wengine wanasema: Mungu wangu ni mkubwa kuliko kizuizi. Ni kweli kwamba Mungu ni mkubwa. Lakini Shetani alipomwambia Bwana Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu, kwa kuwa malaika watamshika, Bwana alikataa. Alijua ya kuwa kumjaribu Mungu si kumtumainia (Matayo 4). Mwenye imani anamwachia Mungu njia ya kumwokoa. Mwenye kujaribu anataka kumlazimisha.

Tukumbuke pia Papa Simon Kimbangu. Mwezi wa Juni 1921 wakubwa wa serikali ya Wabelgiji walipokuja Nkamba kumkamata, aliwaponyoka, akaendelea na kazi yake mafichoni. Mwezi wa Septemba, saa ilipofika, alirudi Nkamba mwenyewe akajitoa, na akakaa kifungoni miaka 30 mpaka kufa kwake huko Elisabethville mwaka 1951. Nani atasema kwamba mwezi wa Juni alikosa imani? Kujiepusha na kujitoa vyote viwili vilikuwa utii, kila kimoja kwa wakati wake.

Upendo. Hili ndilo kubwa. Shofere hayuko peke yake. Nyuma yake wamelala watoto ambao hawakuulizwa. Akikwama, kuna mtu wa kazi ambaye ataacha nyumba yake usiku kumtafuta katika dhoruba ile ile. Kama ninataka kuonyesha imani yangu, nitumie uzima wangu, si uzima wa jirani. Imani inayolipwa na watu wengine tuipatie jina lake: ni kiburi.

Mwaka 1846 watu 87 walisafiri kwenda California na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Historia inawaita kundi la Donner. Walifuata njia ya mkato iliyosifiwa katika kitabu cha Lansford Hastings, mtu ambaye alipokiandika alikuwa hajaipita mwenyewe. Walipoteza majuma mengi katika milima na jangwa la chumvi, wakafika milima ya Sierra Nevada wakati theluji inaanza kuifunga. Karibu nusu yao walikufa. Maombi hayakukosekana: mmoja wao, Patrick Breen, aliandika katika daftari yake jinsi walivyosali. Wengi wa waliookoka waliokolewa na watu waliokuja wakipanda theluji kwa miguu. Basi tusiseme kwamba Mungu hakusikia. Alisikia, akatuma watu, nao wakaweka maisha yao katika hatari.

Mwingine atasema: wako waliojitayarisha vizuri wakafa, na wasiojitayarisha wakafika. Ni kweli. Matayarisho hayanunui uzima. Ndiyo sababu Yakobo, katika sura ya 4, anatukataza kujisifu kwa mipango ya kesho. Lakini hakukataza mpango. Alitaka tuuweke chini ya mapenzi ya Bwana. Na yule aliyefika mara tano bila minyororo, amshukuru Mungu kwa rehema. Asiifanye rehema kuwa ruhusa.

Wa tatu atasema: magurudumu yale ni ya bei kali, na mkubwa wa kazi hatanipa siku ya kungojea. Huyu tusimhukumu. Ni sisi tunaopaswa kusaidia. Tunachanga kwa furaha katika nsinsani kwa kujenga nyumba za Mungu. Tuchange pia kwa magurudumu ya ndugu. Na wanaomngojea wasimsumbue kwa simu wakimwambia afanye haraka. Wamwambie: lala huko, sikukuu itakungojea.

Basi, ndugu, tujitayarishe kama watu wanaojua udhaifu wao, na tuombe kama watu wanaojua nguvu za Baba. Kizuizi kikifungwa, turudi bila haya. Kurudi nyuma na watoto wote wazima ni jibu la maombi vilevile.

Bwana alinde kutoka kwenu na kuingia kwenu. Amina.