Anwani Isiyoonekana

Programu ya kusafirisha data haijui inakokwenda. Inajua kazi tu: chukua majina hapa, yasafishe, yapeleke kule. Hapa ni wapi na kule ni wapi, huambiwa inapowashwa, kwa mistari mifupi iliyowekwa kwenye seva, nje ya msimbo wenyewe. Mafundi huiita vigeu vya mazingira. Mwaka 2011 Adam Wiggins wa Heroku aliifanya kuwa kanuni: usanidi ukae kwenye mazingira. Kipimo chake, je, unaweza kuuanika msimbo wote hadharani sasa hivi bila kufichua nywila hata moja?

Kanuni nzuri. Ila ipeleke Kigoma.

Kambi ya Nduta iko Kibondo, ya Nyarugusu iko Kasulu. Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, na kuanzia 2015 Warundi wakamiminika katika kambi zote mbili. Mkimbizi huandikishwa jina, picha, alama za vidole, watoto wake. Bila orodha hiyo hapati mgawo wa chakula. Sasa fikiria programu inayoibeba orodha kila usiku kutoka ofisi ya uandikishaji hadi kwa wagawaji chakula. Badili mstari mmoja, ule unaotaja kituo cha mwisho, na majina yaleyale yatatua kwenye seva ya serikali waliyoikimbia. Msimbo haukuguswa hata herufi. Mkaguzi akiusoma atauona safi kabisa.

Majina kufika kusikotarajiwa si jambo la kufikirika tu. Juni 2021 Human Rights Watch ilieleza jinsi taarifa za Warohingya, zilizokusanywa na UNHCR na Bangladesh, zilivyofikishwa Myanmar. UNHCR ilijibu kwamba ridhaa iliombwa. Wakimbizi wengi waliohojiwa walisema hawakuambiwa.

Aliyeandika msimbo atasema anwani haikuwa yake. Aliyeweka anwani atasema alitumwa. Mimi simwachii wa kwanza kirahisi hivyo, maana aliacha nafasi wazi akijua itajazwa. Katika Apache Airflow, kwa mfano, kigeu cha mazingira hushinda kilichoandikwa kwenye faili la usanidi, na muunganisho uliowekwa kwa njia hiyo hauonekani kwenye orodha ya miunganisho ya programu. Nywila inastahili kufichwa namna hiyo. Anwani je? Tumezifunga katika furushi moja kwa sababu ya urahisi tu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi lililo wazi. Kwenye mashine, kusudi hilo limo katika ile anwani. Basi nywila ibaki gizani, lakini anwani iandikwe ndani ya msimbo, ambako kila badiliko huacha jina la aliyelifanya na tarehe. Wenzangu wataniambia huo ni uhandisi wa kizamani: kila kuhamisha orodha kutahitaji mtu aandike, mwingine asome na kupitisha, na pengine siku nzima ipotee. Ipotee.