Boma Linapokosa wa Kuliulizia

Boma la kale hufa lini? Wepesi wa kujibu watasema: paa linapoporomoka. Jibu hilo halitoshi huku Gikundamvura wala popote Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, kwa kuwa makazi ya wafalme wa zamani yalijengwa kwa miti na nyasi, na nyasi haziishi karne.

Tuutazame Bukunzi, ufalme mdogo wa Kinyaga, jina la kale la eneo hili, ambao wafalme wake waliaminiwa kuwa na uwezo wa kuleta mvua. Hata mwami, yaani mfalme, wa Rwanda aliwapelekea zawadi. Ndagano, mfalme wa Bukunzi, alifariki mwaka 1923. Utawala wa Kibelgiji ukatuma askari, na kufikia 1926 Bukunzi na jirani yake Busozo hazikuwa falme tena. Je, boma lilikufa wakati huo?

Lililovunjwa ni mamlaka, yaani haki ya kuamuru. Heshima ni jambo jingine: ni deni ambalo mtu hulikiri bila kudaiwa. Waliopeleka zawadi Bukunzi hawakuvutwa na ukubwa wa nyumba. Walijua kwamba shamba halitoshelezwi na jasho la mwenyewe, na boma liliwapa mahali pa kulikiri hilo.

Kutelekezwa, basi, ni nini? Tukisema ni kumezwa na pori, miti ya mivumu inatupinga. Vigingi vya ua wa kifalme viliota vikawa miti mikubwa, na Wanyarwanda huliita eneo la namna hiyo ikigabiro. Hapo pori lenyewe ndilo kumbukumbu. Huko Marekani, Wachoctaw, wenyeji wa asili wa Mississippi, nao walirudishiwa Nanih Waiya mwaka 2008: ni kilima cha udongo kisicho na nyumba, nao hukiita mama. Nadhani kutelekezwa huanza pale mtoto anapopita chini ya mti asiulize ulipandwa na nani, na mkubwa aliye naye asione haja ya kumwambia.

Je, tujenge upya? Nyanza ina nyumba ya mwami iliyojengwa upya kwa nyasi, na ni vyema ipo. Lakini jengo hurudisha umbo, na umbo peke yake halikumbuki kitu. Anayetaka kuliokoa boma la Bukunzi aanze na wajukuu na vitukuu wa walioliendea: nani alileta nini, akaomba nini, akarudi na nini. Wakizikwa bila kuulizwa, hakuna fundi atakayetujengea tulichopoteza.