Maji ya Moto ya Aina Mbili

Nianze na swali lenyewe, maana kuzungukazunguka si tabia yangu. Mtu akikutoa jasho miaka kumi, halafu siku moja akajenga bafu zuri na kukwambia "karibu uoge", je, amekulipa? Amekupa zawadi? Au amekusafisha tu ili usimnukie mbele ya wageni wake?

Najua pale kijiweni wapo watakaosema swali hili ni la kitoto. Mmoja atasema zawadi ni zawadi, kula unyamaze. Mwingine atasema tajiri ni tajiri tu, hata akikupa maziwa mtemee usoni. Mimi majibu yote mawili yananikwaza, na kilichonifanya yanikwaze ni mji mmoja mdogo wa Japani, kando ya ziwa, katikati ya milima.

Mji wenyewe ni Suwa, katika mkoa wa Nagano. Nilifikishwa huko na kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anayesoma katika mji wa Matsumoto ulio jirani. Ziwa Suwa liko mita 759 juu ya usawa wa bahari, na ukilizunguka kwa miguu ni kama kilomita 16, yaani mtu mwenye miguu mizuri analimaliza asubuhi moja. Upande wa Kamisuwa maji ya moto yanatoka ardhini yenyewe, wala hakuna aliyewasha kuni. Hata kwenye stesheni ya treni, palepale jukwaani, wametengeneza mahali pa kuloweka miguu. Abiria anavua viatu, anatumbukiza miguu, anasubiri treni yake. Mimi niliyezoea kusubiri basi la Mbagala nimesimama kwa mguu mmoja, nilibaki mdomo wazi.

Ng'ambo kidogo ya stesheni, karibu na ziwa, kuna jengo la mtindo wa Kizungu linaloitwa Katakurakan. Lilimalizika mwaka 1928, na mwaka 2011 serikali ya Japani ililiweka katika orodha ya urithi muhimu wa utamaduni. Ndani yake kuna hodhi la mawe. Watu wa pale wanaliita bafu la watu elfu, ingawa ukweli ni kwamba wanaoenea kwa mara moja ni kama mia. Kina chake ni mita moja na sentimita kumi, kwa hiyo huketi, unasimama. Chini wametandaza vikokoto vyeusi, vinakukanda nyayo unapotembea.

Masharti ya kuingia ni haya: wanaume kwao, wanawake kwao. Unavua kila kitu, narudia, kila kitu. Unaketi kwenye kigoda, unajisugua kwa sabuni, unajimwagia maji mpaka povu lote liishe, ndipo uingie hodhini. Kitaulo chako kidogo hakigusi maji ya wote. Sasa wewe fikiria kijana wa Kariakoo kuvua nguo mbele ya wazee asiowajua hata kwa salamu! Lakini baada ya dakika tano aibu iliondoka, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyenitazama. Mwenye gari na asiye na gari, wote ni vichwa tu juu ya maji. Nikawaza, kumbe usawa ni jambo rahisi hivi? Ni kuvua nguo tu?

Hapo ndipo kaka aliponiambia jengo lile lilijengwa na nani. Na ndipo maji yale yaliponibadilikia.

Lilijengwa na ukoo wa Katakura, matajiri wa hariri. Ukoo huu ulianza kazi ya hariri mwaka 1873 upande wa pili wa ziwa, katika eneo ambalo leo ni mji wa Okaya, na ukakua mpaka kuwa na moja ya kampuni kubwa kabisa za hariri duniani. Mkuu wa ukoo wa kizazi cha pili, Katakura Kanetaro, alizuru Ulaya na Amerika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Huko aliona jinsi hata miji midogo ilivyokuwa na majumba ya watu wote kuoga, kupumzika na kukutana. Aliporudi akasema na sisi tuwe nalo. Kampuni ilikuwa imetimiza miaka hamsini, na jengo likawa kumbukumbu ya miaka hiyo, kwa manufaa ya wakazi. Simulizi nyingine husema walengwa hasa walikuwa wasichana wa viwandani. Hilo nitalirudia, maana lina uzito wake.

Hariri hupatikanaje? Kiwavi hujifungia ndani ya kifukofuko alichokisokota mwenyewe. Ukitaka uzi, unakitia kifukofuko kwenye maji ya moto sana ili gundi ilegee, kisha unatafuta ncha ya uzi kwa vidole, unaiunganisha na nyuzi nyingine, na gurudumu linavuta. Vidole hivyo vilikuwa vya wasichana. Wengi walikuwa na umri wa miaka kumi na kitu, wengine hawajavunja ungo. Walishinda saa kumi na mbili na zaidi kwa siku katika vyumba vilivyojaa mvuke, mikono ndani ya maji yanayounguza. Kifua kikuu kiliwapata wengi.

Walitoka mbali. Wale wa Hida, katika mkoa wa Gifu, walivuka milima kwa miguu, zaidi ya kilomita mia, wakipita njia ya Nomugi iliyo mita 1,672 juu, kwenye theluji. Wakala alikuwa ameshafika kijijini na kumwachia baba advansi na mkataba wa kutia muhuri. Aliyewahi kusikia wazee wakisimulia habari za manamba wa mkonge ataujua mchezo huu bila kufundishwa. Mwisho wa mwaka walirudi kwao na mshahara, na sikukuu ikiisha walipanda mlima tena.

Na mshahara wenyewe ulipangwa kwa madaraja. Kazi ya kila msichana ilipimwa kwa kulinganishwa na ya wenzake. Aliyezidi wastani aliongezewa, aliyepungua alikatwa. Maana yake, nyongeza ya Fulani ilitoka mfukoni mwa rafiki yake aliyekaa kiti cha pili. Bingwa aliweza kupata yen mia kwa mwaka na sifa zake zikaenea kijiji kizima, huku dhaifu akirudi nyumbani karibu mikono mitupu. Tajiri hakuhitaji kuwagombanisha. Hesabu iliwagombanisha.

Mwaka 1927 wafanyakazi zaidi ya elfu moja wa kiwanda kimoja cha Okaya, karibu wote wanawake, waligoma. Hakikuwa kiwanda cha Katakura, na ni haki kulisema hilo. Kilikuwa cha Yamaichi Hayashi. Waligoma kwa muda wa wiki mbili na kitu wakidai mishahara, chakula na haki ya kuwa na chama. Walishindwa. Mwaka uliofuata, upande wa pili wa ziwa lilelile, bafu la mawe likafunguliwa.

Sasa tulirudie swali letu.

Hoja ya kwanza ya wanaomtetea tajiri ni kwamba hakulazimishwa. Angeweza kujenga kasri lake akazungushia ukuta. Akajenga bafu la wote, na karibu miaka mia baadaye mtoto wa Kariakoo anaogea humo. Wema hauozi, wahenga walisema, na huu haujaoza. Mimi nakubali. Anayekataa kuliona jambo hili ana chuki, na chuki haifai kuwa mzani.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Mwandishi Yamamoto Shigemi alitembea vijijini miaka ya 1960 akiwahoji mamia ya bibi waliokuwa wasichana wa viwandani, akaandika kitabu cha njia ya Nomugi kilichotoka mwaka 1968. Jambo la ajabu ni kwamba wengi wao hawakusema walijuta. Chakula cha kiwandani, ambacho sisi tungekilalamikia, kilikuwa bora kuliko cha kwao. Kazi ya shamba nyumbani ilikuwa ngumu vilevile, tena haina mshahara. Sasa mimi ni nani, niliyeshiba, nimwambie bibi yule kwamba alidhulumiwa na hajui?

Lakini hapa nasimama. Kushukuru kwa aliyekuwa na njaa hakuthibitishi kwamba aliyempa alimpa haki yake. Mwenye kiu atashukuru hata kwa maji ya mtaro. Shukrani yake inatuambia kiu yake ilikuwa kali kiasi gani. Usafi wa maji ni habari nyingine. Bibi wale walipima kiwanda kwa umaskini wa kwao, na walipima sawasawa. Tajiri anapaswa kupimwa kwa kile alichokuwa nacho na alichoweza kutoa.

Hoja ya tatu ni ya kiuchumi. Watasema tajiri naye alikuwa na bwana wake. Hariri nyingi ilikwenda Marekani, ikawa soksi za akina mama, na bei ilipangwa huko. Uchumi ulipoporomoka mwaka 1929 bei ikaanguka, halafu ikaja nailoni ikamaliza kazi. Kwa hiyo, ati, mkono wake ulikuwa umefungwa. Huenda. Lakini mkono uliofungwa usiweze kuongeza mshahara ulifunguliwaje ukaweza kujenga ukumbi wenye vioo vya rangi na sanamu?

Hapa ndipo linapokuja lile la walengwa. Kama bafu lilijengwa kwa ajili ya wakazi wote, basi ni zawadi, na zawadi humwendea yeyote. Deni haliko hivyo. Deni lina jina. Nikikukopa elfu kumi, halafu nikaenda kununua pilau la mtaa mzima na wewe ukala sahani moja, nimefanya jambo jema, mtaa utanisifu, na elfu kumi yako bado ninayo. Dawa ya deni ni kulipa, tena kulipa mwenye deni lake. Na kama lilijengwa kwa ajili ya wasichana hasa, hesabu bado haifungi: mwili uliochoka unaogeshwa ili kesho uamke kwenda kazini. Hata ng'ombe wa plau anapelekwa mtoni.

Kuna tofauti nyingine inayoniuma zaidi. Aliyepewa zawadi anatakiwa kuinamisha kichwa aseme ahsante. Aliyelipwa haki yake anaondoka kichwa juu. Wale wa 1927 walitaka kuondoka kichwa juu. Ndiyo maana naona mabosi wengi, wa huko na wa kwetu, wako radhi kutoa zawadi ya shilingi mia kuliko kulipa haki ya shilingi hamsini. Mwisho wa mwaka tutaletewa mchele na kanga yenye jina la kampuni, na tutapiga makofi. Ukiuliza habari za saa za ziada unaitwa mkorofi.

Je, basi tusioge? Bafu libomolewe? Hapana, bwana. Maji hayana kosa. Tuoge, tumshukuru aliyejenga kwa kujenga kwake, lakini shukrani yetu isigeuke risiti. Vitabu ni viwili, cha wema na cha deni, na hakuna anayeruhusiwa kuhamisha hesabu kutoka kimoja kwenda kingine ili mizani ipendeze.

Jambo la mwisho ni la sisi tunaoshika kalamu. Ziwa Suwa likiganda wakati wa baridi, barafu hupasuka na kuinuka kama tuta refu kutoka ufukwe hadi ufukwe. Wenyeji husema ni nyayo za mungu wao akivuka kwenda kwa mkewe. Mapadri wa pale wameandika habari za barafu hiyo tangu mwaka 1443, mwaka hadi mwaka, na leo wanasayansi wanazitumia kujua dunia inavyopata joto. Karne karibu sita za barafu zimeandikwa. Habari za wasichana waliopita na mikono yao iliyoungua zilisubiri mtu mmoja azunguke vijijini na daftari, wakati wengi wao walishakufa. Leo pale juu Nomugi kuna sanamu ya binti aliyeitwa Mine akiwa amebebwa mgongoni na kaka yake. Aliugua kiwandani, kaka akaja kumchukua, akafia njiani mwaka 1909, wakiwa wamefika mahali ambapo kwao kunaonekana.

Matajiri hawakosi mtu wa kuwajengea kumbukumbu. Wanaijenga wenyewe, kwa mawe. Kitabu cha deni ndicho kinachokosa karani, na kazi hiyo haihitaji cheti cha chuo kikuu. Inahitaji daftari, kiatu kizuri, na kumuuliza bibi wa jirani yako alifanya kazi wapi, alilipwa nini, na nani bado anadaiwa naye.