Uovu Hukopa Nguvu

Agostino, aliyezaliwa Thagaste, Afrika ya Kaskazini, mwaka 354, alifundisha kwamba uovu si kitu kinachojitegemea, bali ni upungufu wa wema pale unapostahili kuwapo. Wengi huiona hoja hiyo kuwa ya kukwepa tatizo, maana maradhi huua waziwazi. Hata hivyo, namna virusi vya UKIMWI (VVU) vinavyoishinda kinga ya seli inaipa mashiko. Kila seli ya mwili huvunja protini zake: isiyohitajika hubandikwa ubikwitini, protini ndogo ya asidi amino 76, kisha hukatwakatwa ndani ya proteasomu. Mara nyingi ubandikaji huo huongozwa na kikoa cha RING, sehemu yenye umbo mahususi inayopatikana katika mamia ya protini za binadamu. Kikoa hicho kimo katika protini TRIM5 ya kima wa rhesus, iliyotambuliwa mwaka 2004 kuwa kizuizi cha VVU. Kimo pia katika mtambo wa kubandika ubikwitini wa seli zetu ambao VVU huuteka. Protini ya virusi iitwayo Vif huishika APOBEC3G, protini ya seli ambayo huharibu jeni za virusi, na kuikabidhi kwa mtambo huo ivunjwe. Vif yenyewe haina uwezo wa kuvunja chochote. Madhara yake ni kuiondoa kinga iliyopaswa kuwapo.

Atasema mpinzani: kwa virusi huo ni ushindi, basi nani aliyeamua kwamba mtambo ni wa kuilinda seli? Jibu limo katika utegemezi wa upande mmoja. Seli ndiyo huujenga mtambo na kuulipia nishati, nayo huishi bila virusi. Virusi haviwezi kuzaliana bila seli. Atarudi na swali gumu zaidi: dawa ya lenalidomide nayo huelekeza upya mtambo wa jamaa hiyo, lakini hutibu saratani ya myeloma. Ni kweli, na ndiyo maana kosa haliko katika kuelekeza upya. Dawa huuondolea mwili kinachouangamiza, ilhali Vif huunyima mwili kinachouhifadhi.

Hoja hii haimfariji mgonjwa, wala haielezi kwa nini Mungu aruhusu upungufu huo. Inachokanusha ni imani ya Wamani, ambayo Agostino mwenyewe aliifuata kabla ya kuiacha, kwamba wema na uovu ni falme mbili zenye asili yake kila mmoja. Ndani ya seli hakuna ufalme wa pili. Vita vyote hupiganwa kwa nguvu za mwenye nyumba.