Kando ya Kitanda cha Mgonjwa

Mwanangu, juzi ulinipigia simu ukitoka zamu ya usiku kule kwenye makao ya wazee. Uliniuliza: NP (nurse practitioner, muuguzi anayetibu) au PA (physician assistant, msaidizi wa daktari), njia ipi ni fupi? Swali lenyewe ni jema. Lililonikosesha usingizi ni hilo neno "fupi".

Kazi zote mbili zilizaliwa hapa Marekani mwaka mmoja, 1965, madaktari walipokuwa hawatoshi. Kule Colorado, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver waliwachukua wauguzi wakawafundisha kuwapima na kuwatibu watoto kwa kujitegemea. Katika Chuo Kikuu cha Duke, Dkt. Eugene Stead aliwachukua wanaume wanne waliowahi kuhudumia majeruhi katika jeshi la majini, akawafundisha kwa mtindo wa wanafunzi wa udaktari, ila kwa muda mfupi zaidi. Watatu wakahitimu mwaka 1967. Ninachotaka ukione ni hiki: Colorado wala Duke hawakuanza na mtu asiyewahi kumgusa mgonjwa. Shule iliwekwa juu ya kazi ambayo tayari mtu alikuwa ameifanya.

Leo anayetaka kuwa PA huingia na shahada yake na masomo ya sayansi, kisha husoma kama miezi 27. Mazoezi ya hospitalini hufika kama saa 2,000, akizungushwa kwenye upasuaji, dharura, watoto, akina mama, wagonjwa wa akili. Akihitimu anaweza kuhama kutoka upasuaji kwenda magonjwa ya ngozi bila kurudi darasani. NP ni muuguzi kwanza: anafaulu NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi, anapata leseni, ndipo anasomea shahada ya uzamili au ya udaktari wa uuguzi. Tangu mwanzo anachagua wagonjwa wake, iwe watoto, wazee, familia au wenye maradhi ya akili, na akitaka kubadilisha hana budi kusoma tena. Kima cha chini cha saa zake za mazoezi kilikuwa 500, sasa viwango vinataka 750. Hata hivyo, katika majimbo zaidi ya 20 NP anaweza kutibu bila kusimamiwa na daktari, uhuru ambao PA wengi bado hawajaupata.

Utasikia watu wakiweka 2,000 na 750 kwenye mizani na kumaliza mjadala. Mimi siukubali mzani huo, kwa sababu unamwacha nje muuguzi aliyekesha wodini miaka kumi kabla ya kuingia darasani. Lakini kama hiyo miaka haipo, basi wanasema kweli, na siku hizi kuna programu zinazompokea mtu mwenye shahada ya fani nyingine na kumtoa akiwa NP ambaye hajawahi kubeba zamu hata moja kama muuguzi. Najua ndiyo njia uliyoiona. Ndiyo hiyo fupi.

Mimi nilikaa wodini miaka saba. Usiku mmoja nilikuwa na mzee aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo. Presha nzuri, homa hana. Ila alikuwa anafinyafinya shuka kwa vidole na kuniuliza saa kila mara. Nilimwita daktari kabla mashine haijalia, ikaonekana anavuja damu ndani. Vidole vile nilivitambua kwa sababu niliwahi kuviona kabla, kwa mgonjwa mwingine, na mara ile ya kwanza sikuvielewa. Sitaki wewe uvione mara ya kwanza ukiwa ndiye unayeandika dawa, na hakuna wa kumwita.

Binamu yako aliyesoma utabibu (clinical officer) nyumbani Tanzania aliniuliza kama anaweza kuja kuwa PA moja kwa moja. Inauma, maana kazi yake ndiyo inayofanana na PA kuliko zote. Lakini mtihani wa PA haufanywi na mtu ambaye hakuhitimu programu ya PA iliyoidhinishwa hapa. Muuguzi wa hospitali ya Muhimbili anaweza kukaguliwa vyeti vyake akafanya NCLEX. Tabibu hana mlango huo.

Sasa wewe. Mimi ni NP, na ninakuambia nenda PA. Una shahada ya baiolojia. Saa zako za kuwageuza wazee, kuwaogesha na kuwalisha ni huduma halisi kwa mgonjwa, na shule nyingi za PA huzihesabu, ingawa kila moja ina masharti yake. Ziandike kwenye daftari kila wiki, msimamizi atie sahihi. Omba pia zamu hospitalini, uwaone wagonjwa wanaobadilika ndani ya saa moja. Na kila ninapokuuliza unapenda nini, hunitajii uuguzi, unanitajia kutafuta chanzo cha ugonjwa. Kama ungetaka uuguzi ningekuambia ukae wodini miaka mitatu au minne ndipo uje kuniuliza habari za NP.

Ugumu ni pesa. Muuguzi anaweza kupanda ngazi huku anafanya kazi. PA anasoma kutwa, na shule nyingi zinakukataza au kukuonya usifanye kazi kabisa. Najua ndicho unachokiogopa, maana dawa za mama yako zinakutegemea wewe. Mama yako, wifi yangu, nitamtumia mimi pesa kila mwezi, miezi yote 27. Nimeshazungumza naye.