Shukuru Uko Hai

Kuna kauli sijawahi kuipenda: "Shukuru uko hai." Ukilalamika kidogo tu, mtu anakutupia hiyo na mazungumzo yanaishia hapo. Mimi huipima kwa kisa cha Morisi.

Novemba 1940, meli iitwayo Atlantic ilifika Haifa, Palestina, ikiwa na Wayahudi waliokimbia miji kama Vienna, Danzig na Prague. Palestina ilitawaliwa na Waingereza, ambao mwaka wa 1939 walikuwa wametangaza kwamba Wayahudi watakaoingia kwa miaka mitano ni 75,000 pekee. Hawa hawakuwa na vibali, kwa hivyo wakaitwa wahamiaji haramu. Desemba, karibu watu 1,580 walisafirishwa kwa nguvu hadi Morisi, koloni la Mwingereza katika Bahari ya Hindi, wakafungiwa gereza la Beau Bassin. Wanaume waliwekwa kwenye seli. Wanawake na watoto walikaa upande wa pili wa ukuta, kwenye vibanda vya mabati. Kesi haikuwepo, hukumu haikuwepo. Waliachiliwa Agosti 1945. Zaidi ya 120 walikuwa wamekufa, wengine kwa malaria na homa ya matumbo. Makaburi yao yako St. Martin.

Mtu atasema: si wangebaki Ulaya wangeuawa na Manazi? Basi gereza liliwaokoa. Mwingine ataongeza kwamba Waarabu wa Palestina waliogopa kupoteza nchi yao, na hofu hiyo haikuwa ya kubuni.

Hoja ya pili naiheshimu. Lakini inaeleza tu kwa nini mlango wa Haifa ulifungwa. Kule Morisi hakuna Mwarabu aliyekuwa akigombania shamba na mtoto wa mkimbizi. Kwani kisiwa chenyewe, na bahari pande zote, hakikutosha? Kufuli lilikuwa la nini?

Na hiyo ya kuokolewa, hapana. Kufikia Haifa walikuwa tayari wametoroka, kwa jasho lao wenyewe. Aliyewafungia hawezi kuwadai shukrani kwa uhai aliowakuta nao. Tukitaka kumpima, tusilinganishe seli yake na kambi za Hitler, maana ukilinganisha na hizo karibu kila kitu ni afadhali. Tulinganishe na kile alichoweza kufanya siku ile ile, kisiwa kile kile: kuwaacha walale bila kufungiwa.